Kioo Kilichojaa Ukungu, Njia ya Lushoto

Tulitoka Tanga kwenda Lushoto kumchukua dada yangu, Mwanaidi. Ilikuwa masika, miaka michache kabla ya Uhuru. Mwanaidi aliolewa huko milimani na fundi cherehani, na mimba yake ya kwanza iliharibika. Ya pili ilipokua, mama akasema mwanawe atajifungulia nyumbani, mikononi mwake, wala hatapanda basi la kumrusharusha makorongoni. Mume wangu Bakari akasema, basi tutamfuata kwa gari.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani hata kwa siku zile. Lilikaa miaka ghalani kwenye shamba la mkonge kabla Bakari hajalinunua. Alilifufua mwenyewe, kila Ijumaa baada ya sala, mpaka likang'aa kama sinia la harusi. Watu wa mtaani kwetu Ngamiani walikuwa wakisimama barazani kulitazama likipita, nami nikijidai kidogo.

Asubuhi tulipita Pongwe, tukanywa chai Muheza, tukashika njia ya Korogwe katikati ya mkonge usiokwisha. Mombo tukaongeza maji kwenye rejeta. Joto lilikuwa la kuchoma, na milima mbele yetu ilikuwa imejifunika mawingu.

Tulipoanza kupanda mvua ikatukuta, tukafunga madirisha. Hapo kioo cha mbele kikaanza kufanya ukungu kwa ndani. Chini ya kioo kulikuwa na matundu ya kupuliza hewa ya moto, ambayo kwetu pwani hatukuwahi kuyahitaji. Bakari akavuta kishikio cha kuyafungulia. Hewa ikatoka dhaifu, baridi, kama pumzi ya mgonjwa. Nikawa nafuta kioo kwa upindo wa leso, na kabla sijarudisha mkono kimeshakuwa cheupe tena. Upande wangu kulikuwa na bonde. Nilisikia maji yakipiga mawe chini, siyaoni.

Kwenye kona moja Bakari alikanyaga breki ghafla. Lori lilikuwa limesimama mbele yetu kupoza injini, na tulisimama karibu nalo mno hata nikaweza kuhesabu misumari ya bodi lake. Dereva akashuka, Mshambaa mnene aliyevaa koti la mvua. Jina lake Yohana. Nilitegemea matusi, lakini alimuuliza Bakari tu kama anaiona njia. Bakari akamjibu kuwa haioni.

Yohana akatuambia tufungue madirisha yote, tulowe, tulifuate lori lake polepole. Ndivyo tulivyofika kwake, jirani na Soni, tukitetemeka.

Mkewe, Mama Elia, alituwashia moto na kutupa makande. Aliniambia hakutia nyama, ili sisi Waislamu tule bila shaka yoyote. Sijasahau adabu ile.

Mchana huo huo wanaume wawili wakafungua boneti chini ya kibanda cha lori. Walianza na hewa. Bakari aliuchomoa mpira mpana unaoipeleka kwenye kioo, akaingiza mkono, akatoa kiota cha panya, kizima, kimefumwa kwa nyuzi za mkonge. Kumbe ndio waliokuwa wapangaji wa ghalani. Akaurudisha mpira, na hewa ikavuma vizuri, lakini baridi bado.

Wakafuata maji. Yohana alieleza kuwa joto la hewa ile hutoka kwenye maji ya injini, na lazima yawe yamezibwa mahali. Bakari akafuatisha mipira midogo kwa vidole mpaka akalikuta bomba dogo la shaba lenye kifunguo, limefungwa kabisa. Bila shaka mwenyewe wa kwanza alilifunga kwa sababu ya joto la mashambani. Lakini Bakari hakulifungua. Alisimama akiuminyaminya mpira wake, uliokuwa umechakaa.

"Nikifungua na huu ukapasuka njiani, maji yote yatamwagika," alisema. "Nitakuwa na mjamzito kando ya korongo na gari lililokufa."

"Basi na upasuke hapa kwangu," Yohana akajibu, "ambapo kuna maji na kuna kitanda."

Wakafungua, wakaiacha injini ingurume. Ukapasuka kweli, mvuke ukajaa kibanda kizima. Yohana akaingia ndani, akatoka na kipande cha mpira wa lori lake alichokuwa amekiweka akiba, wakakikata, wakakifunga kwa waya. Safari hii kilishika. Bakari aliniita niweke kiganja juu ya matundu. Hewa ilikuwa ya moto kama ya mdomo wa jiko, na ukungu wa kioo ulikuwa ukiyeyuka kuanzia chini kwenda juu. Nilimtazama mume wangu, mikono myeusi kwa grisi, nikaona fahari ambayo kung'aa kwa gari hakujawahi kunipa.

Jioni tulifika Lushoto. Mwanaidi alinikumbatia kwa ubavu, kwa ukubwa wa tumbo.

Asubuhi yake tukashuka. Ukungu ulikuwa mzito kuliko wa jana, lakini kioo kilibaki safi, na Bakari aliziona kona zote mapema. Dada alisoma dua mpaka Soni, kisha akalala.

Mombo jua lilitupokea. Bakari akashuka kufunga bomba, likakataa. Kifunguo kilikuwa kimeganda. Akisema alilazimishe, litakatika. Ikabidi tukate nyika yote ya Korogwe na Muheza, mchana wa jua, tukipulizwa moto usoni. Nilimwomba dada radhi. Mwanaidi, jasho likimtiririka mpaka shingoni, akasema:

"Liacheni. Nimekwisha kushuka mlima nikiwa mzima, joto ni kitu gani?"

Mama alipofungua mlango akatukuta tumelowa chapachapa, akauliza mvua gani hiyo tuliyonyeshewa na mbingu nyeupe vile. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mwanaidi alijifungua salama, mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa. Nami tangu hapo, nikimsikia mtu wa pwani akisema watu wa milimani ni wagumu, humwambia apande kwanza Soni siku ya mvua, akafuate taa za lori la mtu asiyemjua.