Nadhiri Iliyoingia Kwenye Maharage

Aibu niliyoipata mimi Kobelo pale hekaluni sijawahi kuisimulia yote, maana kila nikianza watu wanacheka kabla sijafika penyewe, nami nacheka nao, basi inaishia hapo. Ila lazima nianzie mbali kidogo, darasa la pili, kule kijijini milimani (ndilo darasa langu la mwisho, utaona). Kila mtoto alileta maharage ya kuhesabia, tukayamimina kwenye debe la mwalimu. Siku moja zamu ya kufagia ikawa yangu, nikalifungua lile debe, nikaona maharage mazuri, mekundu, yamelala tu bila kazi, nikawasha moto nyuma ya darasa nikayachemsha, tukala na wenzangu wa zamu. Kesho yake mwalimu anatikisa debe tupu. “Kobelo, hesabu iko wapi?” Nikasema ukweli: “Iko tumboni, mwalimu.” Darasa zima lilicheka, hata yeye alicheka, lakini huku anacheka mkono unatafuta fimbo, basi nikatoka mlangoni taratibu, nikapita kwenye migomba, sikurudi tena. Kusoma kwangu kuliishia hapo na upishi wangu ukaanzia hapo.

Ndio maana mpaka leo ni mpishi, Morogoro mjini, nyumbani kwa Mama Kanta, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyezaliwa hapahapa na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Ana mjukuu, Mira, aliyefika miaka minne hajasimama bila kushikwa. Mama Kanta akaweka nadhiri: mtoto akitembea, atampeleka kwenye hekalu la kale la Wahindu huko Tanga, juu ya jabali la bahari, walikofunga ndoa wazazi wake mwenyewe, na mtoto atavunja nazi pale mlangoni. (Mambo ya nazi sikuyajua, au niliambiwa nikiwa nakaanga kitu.) Mwaka jana Mira akatembea, hatua tano sita tu huku kashika kidole cha bibi yake, lakini nadhiri ni nadhiri. Tukapanda basi stendi ya Msamvu.

Hekalu lenyewe la mawe, la zamani hata kuhani wao hajui nani alilijenga, limekaa ukingoni kabisa, bahari inapiga mwamba huko chini mpaka unaisikia kwenye nyayo, maana viatu mnaviacha mlango wa mbele. Mama Kanta akanipa mfuko. “Mzee Kobelo, nishikie, nazi imo humo, nakwenda kumvalisha mtoto.”

Ningekaa kwenye benchi. Benchi lilikuwepo, tena kivulini. Lakini pua yangu ikanipeleka nyuma, jikoni, nikamkuta mama mmoja, Mwanahamisi, anapika maharage ya wageni wote, analalamika tui limepungua. Nikamwambia na mimi ni mpishi.

“Wa wapi?”

“Morogoro.”

“Aa, wa milimani. Nyie nazi mnaijua, au mnaisikia redioni?”

Jamani, nimepika miaka yote hiyo halafu niambiwe hivyo. Nikaitoa ile nazi, imefungwa kitambaa chekundu (nilidhani ni cha kuizuia isigongane na vyombo), nikaigonga kwa mgongo wa panga ikapasuka pande mbili sawasawa, nikakaa kwenye mbuzi nikaikuna mpaka vifuu vikang'aa, tui zito, tui jepesi, lote chunguni. Mwanahamisi akaonja, akachota tena. Nilijisikia mfalme.

Ndipo nikasikia kengele na sauti ya Mama Kanta: “Mzee Kobelo, lete nazi, kuhani anangoja.”

Mtu mwenye akili hapo angesema. Mimi nikavibananisha vile vifuu viwili, nikavifunga kwa kile kitambaa, nikaenda nikampa mbele ya watu wote.

“Mbona nyepesi?”

“Imekauka vizuri, mama.”

Watu wamejaa uani, kimya. Mira akaipokea kwa mkono mmoja, mwingine umeshikwa na bibi yake, akaipiga kwenye jiwe, paa, kitambaa kikafunguka, hakuna maji, hakuna nyama, kifuu kimoja kimebaki chali kinaonyesha mikwaruzo ya mbuzi. Kuhani akakiinua, akachungulia, akampa Mama Kanta. Naye akachungulia.

“Kobelo, nazi yangu iko wapi?” (Ile “mzee” ilishaondoka.)

“Iko kwenye maharage, mama.”

Akakigeuzageuza kile kifuu, nikajua nimemharibia mtoto nadhiri yake. Lakini kifuu cha pili kilikuwa bado kinaviringika kuelekea ukuta mfupi wa upande wa bahari, na Mira akauchomoa mkono akakifuata, wala si kutembea, anakimbia, peke yake, akakidaka chini ya ukuta akakivaa kichwani kama kofia. Mama Kanta akakaa chini palepale, anacheka na kulia kwa pamoja, ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Kuhani akauliza kama maharage yameiva.

“Bado kidogo,” akasema Mwanahamisi.

“Basi yakiiva kila mtu apewe. Nazi ya nadhiri huliwa na wote.”

Wakaanza kuniita nipakue. Mimi aibu inanila, kila anayenipita ananiambia, “Mpishi, imekauka vizuri,” nikajiapia, Kobelo, kitu cha watu usikiguse tena kabla hujauliza ni cha kula, cha kuhesabia au cha Mungu. Viatu vyangu viko mlango wa mbele, katikati ya watu wote, na mpaka leo Mama Kanta huniambia twende tukavichukue. Sikuviendea. Nilitokea mlango wa jikoni, peku, nikashika njia ya stendi taratibu, kama siku ile ya migomba, na hekaluni sijarudi tena.