Boza la Ejo

Juzi hapa Kabanga, wilayani Ngara, nilikuwa nasubiri lifti kwenye yadi ya malori yanayohudumia kambi za wakimbizi. Mpanga safari, mgeni kutoka Dar, alikuwa amesimama mbele ya ubao wake, chaki mkononi. Akamwona dereva mmoja Mhangaza anatoka na lori lake, akampigia kelele:

“Boza la maji la Bukiriro ni lini?”

“Ejo!” Dereva akapunga mkono, akaondoka.

“Ejo ndiyo nini?”

“Jana,” akasema mlinzi.

“Kesho,” akasema muuza chai.

Wote ni wazawa wa Ngara, na kwa Kihangaza wote wamesema kweli. Mpanga safari akaandika, akafuta, akaandika tena. Kama boza lilikwenda jana, dereva wake apumzike. Kama ni kesho, nani ataendesha?

Akamgeukia bibi aliyekalia dumu tupu. “Shikamoo bibi. Ejo ni jana au kesho?”

“Marahaba, mwanangu. Ni zote mbili. Mimi nimefuata maji ya leo.”

Mpaka sasa nimechanganyikiwa. Ila ubao niliuona: jana ilikuwa na dereva, kesho ilikuwa na dereva. Leo ilikuwa imefutwa.