Mto Ulipokuwa na Mtangazaji

Harufu ya mto asubuhi si harufu ya maji. Ni harufu ya mchanga baridi, majani ya mkuyu yaliyooza na mavi ya kiboko, na mtu aliyezaliwa mbali na mto akiisikia hushika pua. Mimi nikiisikia nafunga macho. Nimejenga hoteli na vyumba vya wageni hapa Mtito Andei kwa mikono hii, na shule niliipitia tu kama mtu anayekata njia shambani kwa watu. Lakini mambo ya mawimbi na upepo nilisomea kwingine, kule chini ya Ikutha, kando ya Mto Athi, msimu ule mvua ya vuli ilipotupita kama mgeni asiyetujua. Watu wa pwani wakinisikia nikitaja mawimbi ya Ukambani hucheka. Wacha wacheke. Maji ya kifuu, bahari ya chungu, na mimi nilikuwa chungu mdogo sana.

Pale kwetu mto uligawanyika mikono miwili, ukakumbatia kipande cha ardhi kirefu kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, kisha mikono ikakutana tena chini. Mama ndiye aliyelima kisiwa hicho. Alipanda kunde na viazi vitamu, migomba michache pale juu, na miwa pembeni ili mizizi yake ishike udongo usiibwe na maji. Baba alikuwa mbali kwenye shamba la mkonge. Nyumbani, huku nchi kavu, mahindi yalikuwa yamesimama yakiwa yamekufa, na upepo ukipita yalilia kama makaratasi. Kwa hiyo chakula chetu chote, mpaka mvua ya mwezi wa tatu, kilikuwa pale katikati ya maji. Nikilala kati ya kunde nilisikia mto kwa masikio yote mawili, mmoja kushoto na mwingine kulia, na mawingu yakipita juu niliona ni sisi tunaosafiri, mimi na mama na miwa yetu, tukienda polepole hadi baharini.

Lakini hakuna aliyetia mguu majini kabla mto haujasomwa. Hiyo ilikuwa desturi yetu, na msomaji alikuwa shangazi Syokau, dada ya baba, mwanamke mwenye sauti ya kumrudisha mbuzi kutoka mlima wa pili. Kila alfajiri alipanda mwamba wa ufuoni. Aliangalia rangi ya maji, akaangalia povu, akaangalia pale chini mikono ya mto inapokutana, yanaposimama mawimbi, halafu akaupa upepo shavu moja, kisha la pili. Ndipo alipotangaza, na wanawake wote wa ukingo ule wakasikia: "Maji meupe! Wimbi la goti! Upepo umelala!" Tukavuka, mama mbele na fimbo yake. Alasiri ilikuwa habari nyingine. Upepo wa Tsavo uliamka, ukapanda mto kinyume na maji, na vikikutana viwili hivyo mawimbi yaligongana vichwa kama mabeberu. Kwa hiyo shangazi alichunga mbuzi wake karibu na mwamba mchana kutwa, ili hali ikibadilika atuite turudi.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tunachuma kunde zilizokauka, na kiondo cha mama kilikuwa kimeanza kuwa kizito. Upepo uligeuka ghafla. Badala ya kutoka chini ulitoka juu, upande wa Machakos, baridi, umebeba harufu ya udongo uliolowa. Hapa lazima niseme ugonjwa wetu. Wanasema dalili ya mvua ni mawingu, lakini sisi watu wa Ukambani hatungoji mawingu. Tunapanda kwenye vumbi, kabla ya tone la kwanza, kwa sababu anayengoja tone ameshachelewa. Harufu ile ikimfikia mtu baada ya kiangazi kirefu, akili inamtoka na miguu inakwenda shambani yenyewe. Ukingoni vigelegele vililipuka. Cha shangazi kilikuwa kirefu kuliko vyote, kisha nikamwona akitupa fimbo na kukimbia kupanda kilima, mbuzi wakimshangaa. Mama naye akaweka mkono kinywani akajibu kigelegele kutoka kisiwani. "Mutheu!" akaniambia, "mvua imekumbuka jina letu!" Kweli ilikuwa imenyesha, lakini huko juu kwa wenyewe. Kilichotujia sisi ni maji yake tu.

Yalianza kama lori linalopanda mlima mbali. Halafu povu la rangi ya chai, vijiti, na mti mzima wenye kiota bado kichwani. Mama aliangalia mwamba akakuta hakuna mtu. Hakukimbia, angekimbilia wapi? Alinipandisha pale penye migomba, akanifunga mgongoni kwa shuka ingawa nilikuwa nimepita umri wa kubebwa, akakaa chini na kukumbatia kiondo chake. Miwa ya pembeni ilianza kuinama, mmoja mmoja, taratibu, kama waumini wanaopiga magoti. Sikuogopa. Niliona kisiwa chetu kimeanza safari hatimaye, na maji yaling'aa mekundu kila upande, na ilikuwa vizuri, kama ndoto unayokataa kuamshwa. Ni sikio langu, lililokuwa limebanwa kwenye mgongo wa mama, ndilo lililosikia moyo wake ukikimbia na kujua ukweli.

Shangazi alirudi, udongo hadi viwiko, mbegu bado mkononi. Alipiga ukunga mmoja tu. Kisha akapanda mwamba akaanza kazi yake.

"Yamefika kwenye jiwe la kufulia! Upande wa kulia wimbi linapungua! Wifi, usisogee hapo!"

"Umepanda mistari mingapi?" mama akamjibu kwa sauti.

"Wifi, usinitanie sasa!"

"Nauliza tu. Tusipokufa tutataka kula."

"Nitakupikia mimi mwenyewe! Kaa chini, mwanamke mkaidi wewe!"

Sauti ile haikunyamaza hadi ikakauka, na hata ilipokauka iliendelea kukwaruza kama kuku. Maji yalifika kwenye shina la mgomba wa chini, yakasimama, yakafikiri, yakarudi. Asubuhi wanaume walitutoa kwa kamba. Nusu ya kunde ilikuwa imekwenda, na viazi vyote.

Wanawake waliokusanyika ukingoni walisema Syokau asikanyage mwamba tena, atafutwe mwingine. Mama alikuwa bado amelowa. "Nani hapa hakupiga vigelegele?" akauliza. Kesho yake alfajiri alinishika mkono tukaenda hadi mtoni, akasimama vidole vya miguu karibu viguse maji, akangoja. Shangazi alikuwa amejificha nyuma ya mbuzi wake. "Syokau!" mama akaita. "Sina siku nzima. Hali ya maji?" Shangazi akapanda mwamba akilia. Aliangalia mto muda mrefu kuliko siku zote. "Maji mekundu," akasema. "Wimbi la paja. Leo hapana, wifi." Tukageuka tukarudi nyumbani na njaa yetu.

Kisiwa hakipo sasa. Mafuriko yalikula upande mmoja, malori ya mchanga yakamaliza mwingine, na mto wenyewe huja mweusi, na povu la uchafu wa mjini ambalo shangazi asingeweza kulisoma. Mjukuu wangu anafanya kazi kwenye kisiwa cha kweli huko pwani. Kila asubuhi anaandikia wageni ubaoni urefu wa mawimbi na upepo unakotoka, na yote anaambiwa na simu. Nilimuuliza, je, simu ikikosea? "Susu, tunaifuta programu ile tunaweka nyingine," akacheka. Sikucheka, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofanya na watu. Nimefukuza mpishi kwa chapati zilizoungua, nimefukuza mlinzi kwa kusinzia, na sijamwita hata mmoja arudi. Ndiyo maana nina hoteli na mama yangu alikufa na jembe tu. Lakini mto ukinizunguka leo, simjui mtu ambaye angesimama ukingoni mpaka sauti ikauke.