Mtu wa Sentimita Tatu

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na ofisini sifa yangu ni moja: sikosei vipimo. Nalisema hili mwanzo ili ijulikane vizuri jinsi nilivyoumbuka.

Mama yangu alikuwa akikaa kwangu Fumba tangu masika yaliyoangusha ngazi ya nyumba yetu ya Kiponda, mjini. Juu, alikozoea kulala, hakukufikika tena. Mafundi walitia miti ya kuegemeza dari, na mlango ukafungwa. Kwangu ni kupya, maji yanatoka saa zote na sakafu inang'aa. Mama hakunilalamikia hata siku moja. Aliacha tu kula vizuri, kisha akaacha kusuka ukili wake, kisha akawa anashinda dirishani.

"Hapa yanapita magari tu," aliniambia asubuhi moja. "Na gari haliamkii mtu."

Alitaka kurudi kwake, basi. Lakini nyumba aliiacha baba, warithi ni sisi watatu, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume, na mdogo wangu alishikilia tuiuze. Si mtu mbaya. Alikuwa akimwogopea mama zile ngazi, na akiuliza nyumba isiyo na mama ni ya nini. Mama naye hakutaka kumlazimisha. Mimi nilikuwa naona anavyokonda, na nikiogopa kwamba siku tutakayokubaliana hatakuwa na haja tena ya kurudi popote.

Nikaamua kumwonyesha mdogo wangu kwamba mama anaweza kulala chini. Nilikata maboksi ya biskuti nikaijenga nyumba yote kwa gundi, kila mita moja nikaifanya sentimita mbili, na dari ya kufunua kama sufuria. Sikwenda Kiponda kupima chochote. Nyumba niliyozaliwa niende kuipima! Chumba cha mama nilikitia nyuma, karibu na choo, mbali na kelele za njia. Nikaipiga picha nikamtumia.

Akajibu: "Nzuri. Lakini tupu. Hata wewe hukuona wa kumtia ndani."

Nilinuna siku mbili. Nilimwita majina ambayo dada mkubwa hapaswi kuyajua. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli: mimi hupenda nyumba kabla watu hawajaingia, watu huniharibia mistari. Siku ya tatu nikatafuta waya mwembamba na pamba, nikaanza kutengeneza watu. Kwa kipimo kile mtu mzima ni sentimita tatu na kidogo. Kichwa kilinishinda, udongo ukapasuka, karatasi ikafumuka, mpaka nikakumbuka kopo la pilipili manga jikoni. Punje moja ni kichwa kamili.

Mama akaja kusimama nyuma yangu.

"Huyo nani?"

"Wewe, mama."

"Usinitie macho wala pua. Siku ya kiyama utaambiwa umtie roho, na utaweza?"

"Sikutii uso. Nakutia kanga tu."

Nilikata kipande cha kanga yake kuukuu, upana wa ukucha, nikamfunika. Mama akamchukua kwa ncha za vidole na kwenda kumsimamisha mbele ya nyumba, kando ya baraza ya kukalia. Halafu akacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu masika.

"Hii baraza au dari? Inanifika kiunoni! Nipande kwa ngazi?"

Nikachukua rula. Kwa kipimo halisi baraza yangu ilikuwa na kimo cha sentimita sabini na tano, na hakuna baraza ya hivyo mji mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nikiipanda kwa magoti, nikiwa na miaka minne au mitano, na kumbe ndivyo nilivyoibeba kichwani hadi leo. Nilitahayari. Mama hakunihurumia. Alikuwa ameshamwingiza mtu wake katika kile chumba cha nyuma na kuinama, jicho usawa wa meza.

"Hapa nikikaa nnaona nini?"

"Ukuta. Lakini pana utulivu, mama."

"Utulivu ninao hapa kwako, mwanangu. Nshashiba."

Maneno yale yaliniingia. Miezi yote ile nilidhani nampa raha. Akamtoa mtu wake akampeleka chumba cha mbele, kile cha wageni, akamweka chini ya dirisha la njiani.

"Hapa mtu akipita akisema hodi, nnamwitikia kabla hajamaliza."

Kesho yake nikaenda Kiponda na fundi, nikapima kila kitu kama mgeni. Nikabomoa, nikakata upya. Baraza ikashuka, kitanda kikaja mbele, na mtu wa mama akaweza kukaa miguu ikafika chini.

Ijumaa, baada ya sala, mdogo wangu akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo." Mama akamkabidhi mtu mwingine, wa kanzu ya karatasi laini na kichwa cha pilipili manga. "Huyu wewe. Ukija kunitazama utakaa wapi? Kajiweke."

"Mama, mambo ya kitoto haya."

"Kajiweke."

Ana mikono mikubwa, na nilihofia atanivunjia nyumba. Alijisimamisha mlangoni. Akajitoa, akajikalisha barazani. Akajitoa tena, na safari hii akajiingiza ndani na kujiweka karibu na kitanda cha mama. Niliona jicho lake limekwenda nyuma, kule kwenye choo, likarudi kitandani, likaenda tena.

"Mwendo huu ni mrefu kwake," akasema, akipitisha kidole polepole juu ya ukuta wa boksi. "Hapa tutie chuma cha kushikia."

Alisema "tutie." Mama alijifanya hakusikia, akawa anamrekebisha mtu wake kanga. Mimi nilichukua penseli, na nikamwuliza mdogo wangu chuma kiwe juu kiasi gani, kwa sababu kukisia tena sikuthubutu. Akamsimamisha mama, mama mwenyewe, ukutani pale kwangu, akamwambia anyooshe mkono, na akaweka alama ulipofika.