Jumapili Niliyoihamisha D

Kompyuta yangu ilikuwa imechoka kama mimi. Kazi yangu ni kutoa nakala na kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni, hapa hapa sebuleni kwangu Mowlem, na wiki nzima ile mashine ilikuwa inanipigia kelele moja tu: C imejaa. Nilifuta nilichoweza kufuta. Kesho yake imejaa tena. Ah!

Na nafasi ilikuwepo. Fundi aliyeniuzia aliikata diski vipande viwili, C ya mitambo na D ya vitu vyangu, kisha akaacha kipande kikubwa mwishoni bila kukigawa. Kwenye skrini kinaonekana kama mstari mweusi, hakina jina wala kazi. Shida ni kwamba kilikuwa upande wa pili wa D, na C haiwezi kuiruka D ikifikie. Ni kama ploti yetu ya vyumba vya kupanga: ukitaka kupanua chumba cha kwanza, wa chumba cha pili lazima asogee kwanza.

Ndani ya D kulikuwa na sauti ya mama. Kabla ya kiharusi alikaa kwenye kochi hili akanitajia watu wetu wa Magharibi, nani alimzaa nani, ukoo upi hatuoani nao, nami nikarekodi. Sasa yuko kwenye kochi lile lile, anasikia kila kitu, na neno halitoki. Hakuna mwingine anayeyajua yale majina. Wenzake wote wamezikwa.

Kila anayejua kompyuta atakuambia: kabla hujaigusa D, nakili vilivyomo pahali pengine. Nilijua. Flashi yangu ilikuwa imejaa fomu za wateja, na kwenda Eastleigh kutafuta nyingine nikaona uvivu. Sijitetei. Nilikuwa nimechoka kumwosha mama, kumgeuza, kumlisha, kisha kukaa mbele ya ile mashine nikiisubiri ifikirie.

Nikachagua Jumapili asubuhi, eti kumetulia, hakuna wateja. Mtu mzima mimi, nimekaa ploti za Eastlands maisha yangu yote, nikasahau kwamba Jumapili asubuhi ni saa ya pasi! Vyumba vyote kumi na viwili vinanyoosha nguo za kanisa kwa mita moja, na tokeni za stima, ambazo zikiisha umeme hukatika, hununuliwa na keateka, msimamizi wa ploti, ambaye siku hiyo huwa ametangulia kanisani kupanga viti, simu kaizima.

Nikabonyeza. Programu ikaanza kuisogeza D. Asilimia kumi. Ishirini. Mama alikuwa anaitazama skrini, kisha ananitazama mimi, na mkono wake mzima, ule wa kushoto, akawa anaunyoosha kwenye soketi ya ukutani. Nikamwambia, "Mama, tulia, uji unakuja." Akaunyoosha tena. Nikamfokea, Mungu anisamehe. Ilipofika thelathini na nane, skrini ikazima pu.

Nje jirani mmoja alipaza sauti, "Nani hajachanga ya tokeni?" Mwingine akamjibu kwamba yeye amechanga na shati lake limenyooka mkono mmoja tu. Mimi nilikaa pale pale nikalia.

Stima iliporudi mchana, D haikuwepo. Ilikuwa imemezwa na ule mstari mweusi, nayo sasa inasomeka kuwa haijagawiwa. Kwa siku tatu niliipitishia programu ya kuokoa mafaili. Ikaniletea mamia, yote bila majina, nami nikayafungua moja moja huku nimempa mama mgongo kwa aibu. Mengine kimya, mengine yanakwaruza. Moja tu lilicheza mpaka mwisho, na halikuwa na babu wala nyanya ndani yake. Ni mama, siku tulipomaliza kurekodi, hajui kama bado inanasa: "Haya, zima hiyo kitu sasa. Watu wanapiga pasi, stima itapotea uanze kulia hapa."

Nikageuka. Mama alikuwa amesikia. Alicheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, mabega yakimtikisika mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaunyoosha ule mkono wake, tena, kwenye soketi.