Machavve na Ng'ombe wa Belligere

Machavve alikuwa mjane, mkamua mafuta ya ufuta katika kijiji cha Belligere, mpakani kabisa mwa ufalme wa Hoysala. Ng'ambo ya mto ilianza nchi ya mfalme wa Seuna. Wafalme hao walikuwa wakigombania ardhi ile tangu enzi za babu zake, na wanakijiji walishazoea leo kuapa utii huku, kesho kuapishwa kule.

Mwaka huo wanaume walikuwa wameitwa vitani kusini. Walibaki wanawake, wazee, na mkuu wa kijiji, Bammayya, kaka wa marehemu mumewe Machavve, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mbovu lakini ulimi wake mzima.

Asubuhi moja wapanda farasi wa Seuna walivuka mto, wakavunja zizi, wakaswaga ng'ombe wote wa kijiji kuelekea kivukoni.

Bammayya aliwakusanya watu mbele ya hekalu la Shiva. "Tuwasubiri wanaume," alisema. "Mkiuawa, nitawaambia nini waume zenu?"

"Na wakija wakakuta watoto wamekauka kwa kukosa maziwa, utawaambia nini, shemeji?" Machavve aliuliza.

"Wale wana mikuki, wewe mwanamke."

"Na sisi tuna michi. Wewe baki ulinde hekalu, wasije wakalibeba nalo."

Wanawake wakacheka, na kicheko kile kikawalegeza vifua. Hapo ndipo Machavve aliposikia ndama wakilia majumbani. Walikuwa bado wamefungwa, hawajanyonya tangu kulipokucha. Akasimama akiwasikiliza, kisha akasema, "Wafungueni. Tunakwenda nao."

Walipita njia ya mkato ya wachanja kuni, kila mmoja na mchi begani na kamba ya ndama mkononi. Machavve alikuwa na hofu, lakini hakugeuka nyuma. Wakatokea juu ya korongo. Chini yao wezi walikuwa wakiwasukuma ng'ombe katika njia nyembamba, mawe kulia, mawe kushoto.

Ndama walipanua vinywa wakalia kwa njaa.

Ng'ombe wa mbele alisimama, akainua masikio, akageuka. Wa pili akageuka. Kisha kundi zima likarudi mbio, pembe mbele, likawapitia wale wapanda farasi kama mafuriko. Farasi walisimama kwa miguu ya nyuma, wakawabwaga mabwana zao. Wanawake wakateremka na michi yao wakipiga vigelegele.

Kiongozi wa wezi alikuwa chini, mguu umenaswa kwenye kamba ya tandiko. Machavve alimsimamia, mchi juu.

"Mama, nihurumie."

"Nilikuzaa lini mimi?"

"Basi dada."

"Wala kaka mwizi sina. Acha upanga na kilemba chako hapo, acha na farasi. Kamwambie mfalme wako maziwa ya huku yana wenyewe."

Yule kiongozi akajinasua, akavuka mto kwa miguu, akichechemea, wenzake wakimtangulia.

Walipowarudisha ng'ombe, hakuna hata mmoja aliyepungua. Bammayya aliwapokea langoni na mtungi wa maji. Mbele ya watu wote aliinama kwa taabu, akamwosha Machavve miguu yake yenye vumbi. "Nilikosea, shemeji," alisema. Machavve akamshika mkono, akamwinua.

Wanaume waliporudi, walitaka achongewe jiwe la shujaa kando ya bwawa.

"Mawe yale ni ya waliokufa wakiokoa ng'ombe," mchongaji alinong'ona. "Huyu bado anakula."

"Chonga," Bammayya alisema. "Tumechoka kuwasifu watu wasiosikia."

Jiwe likasimamishwa, limechongwa mwanamke aliyeinua mchi. Machavve alilitazama muda mrefu, kilemba cha yule kiongozi kikiwa kiunoni mwake kama mshipi, kisha akasema pua ile si yake. Lakini alikuwa akitabasamu. Katika uhai wake wote, hakuna farasi wa Seuna aliyekanyaga tena kivuko kile.