Kifyatuo cha Shemeji

Fundi bunduki wa mtaa wetu aliitwa Mnong'ono kwa sababu hakuweza kunong'ona. Sikio lake la kulia liliharibika ujanani kwa milio ya kujaribia silaha, na la kushoto likalifuata, nadhani kwa kulionea huruma. Akikusalimia asubuhi, mtaa wa pili waliitikia. Karakana yake ilikuwa nyuma ya kibanda changu cha saa, tukitenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo mambo yake yote niliyajua bila kuuliza na mengine bila kupenda.

Kazi yake hasa ilikuwa vifyatuo. Wasiojua hudhani bunduki ni mtutu. Mwindaji anajua kwamba bunduki ni kile kipande kidogo cha chuma kinachoguswa na kidole. Kikiwa kizito, unavuta mpaka mtutu mzima unasogea na risasi inakwenda kwa jirani. Kikiwa chepesi mno, bunduki inalia wewe bado unafikiri. Baina ya hapo na hapo ndipo Mnong'ono alipoishi maisha yake yote. Alikuwa akifungua, anabana kipande kwenye jiliwa, anakisugua kwa jiwe laini lenye mafuta, anafunga, anakivuta kwa mizani ya ndoano, ile ile ya kupimia nyama, anasoma, anakunja uso, anafungua tena. Mteja alikaa kwenye kreti akasubiri, na kusubiri hakukuwa aibu.

Sasa vifyatuo vinauzwa ndani ya pakiti, vina skrubu pembeni. Kijana aliyefungua duka karibu na stendi anazungusha skrubu huku ana nyaya za simu masikioni, halafu anakuambia tayari. Mnong'ono alikuwa kiziwi kwa sababu ya kazi. Huyu ni kiziwi wa kununua.

Dada mkubwa wa Mnong'ono aliolewa na mwindaji mmoja, jina la utani Jicho. Jicho ndiye aliyewalindia watu mashamba ya ng'ambo ya mto, nguruwe pori wasiwamalizie mihogo. Aliifanya kazi hiyo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na aliifanya vizuri, mpaka alipoanza kukosa. Alikosa nguruwe anayekimbia, watu wakanyamaza. Akakosa nguruwe aliyesimama, watu wakakohoa. Mwishowe akalipiga tangi la maji la shule, ambalo halikuwa limemkosea chochote. Watoto walikuwa wametoka kuchota hapo muda mfupi tu.

Siku ya pili yake dada mtu alikuja karakanani, kanga kaifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kuhamisha kabati.

"Mdogo wangu, shemeji yako atakuja. Atasema kifyatuo kimekaza. Wewe kikaze zaidi."

"NIKIKAZE?"

"Punguza sauti! Ndiyo. Kikaze mpaka kidole kimshinde, aiweke chini mwenyewe. Mkono unamtetemeka, ndugu yangu. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika."

"SI UMWAMBIE?"

"Nimwambie mimi? Nikimwambia amezeeka, atakwenda kuwinda kesho asubuhi ili kunikomoa. Chuma kikimwambia, hatabishana nacho."

Mnong'ono alilipangusa jiwe lake mafuta, akaliweka mezani. Kisha akasema hawezi. Kuharibu kifyatuo kizima kwa makusudi si kazi aliyofundishwa, na jiwe lake halijawahi kudanganya mtu.

"Basi kaa na jiwe lako," dada alisema, "na mimi niandae sanda. Sijui ya nani tu."

Akaondoka. Mtaa mzima ulikuwa umesikia upande mmoja wa mazungumzo, na upande wa pili haukuwa mgumu kukisia.

Jicho alikuja kabla ya mchana, bunduki begani, kofia imenyooka. Akasema kifyatuo kimekaza. Mnong'ono akakipima. Kilikuwa vile vile alivyokiacha mwenyewe miaka mingi nyuma, hakikuongezeka hata uzito wa njugu. Hakusema. Alikifungua, akakisugua, akakirudisha, kikawa chepesi kuliko alivyopenda. Akagonga kitako cha bunduki kwa nyundo ya mpira, hapa na pale, kuona kama kifyatuo kitajifyatua chenyewe. Hakikujifyatua.

"CHINI YA HAPA SISHUKI, SHEMEJI. CHINI YA HAPA UKIPIGA CHAFYA UMEUA."

Kisha likaja lile jaribio ambalo hakuna bunduki iliyotoka kwake bila kulipita. Alihakikisha chemba ya risasi ni tupu kwa macho, akahakikisha kwa kidole, akamketisha mteja mezani, akaweka sarafu juu ya mtutu, karibu na inapotokea risasi. Lenga ukutani, vuta. Sarafu ikibaki, kifyatuo na mtu wameelewana. Aliniita nije niwe shahidi.

Jicho akalenga. Sarafu ikaanguka kabla hajagusa kifyatuo.

"Sarafu yenyewe imepinda," alisema.

Nikatoa ya kwangu. Ikaanguka.

"Hii nzito. Na mlango uko wazi, upepo unaingia."

Mnong'ono akafunga mlango. Ikaanguka, ikabingirika mpaka chini ya jiliwa.

"Meza yako ina mguu mfupi, shemeji. Ndiyo maana."

Mnong'ono akakata kipande cha boksi, akakitia chini ya mguu wa meza, mguu ambao haukuwa na tatizo lolote. Sasa meza ikaanza kuyumba kweli. Sarafu ikaanguka. Nikaiokota. Nimefanya kazi na mikono midogo ya saa maisha yangu yote na najua mkono unaotetemeka kwa njaa, kwa hasira na kwa pombe. Huu haukuwa wa aina hizo, na sikuwa na kifaa cha kuutengenezea.

"Kilegeze zaidi," Jicho alisema.

"HAPANA."

"Basi nakipeleka kwa yule kijana wa stendi. Yeye anazungusha skrubu tu, haulizi maswali."

Na kweli asingeuliza. Angezungusha mpaka Jicho aseme basi, na Jicho asingesema basi. Mnong'ono alilijua hilo. Alimtazama shemeji yake, akaichukua bunduki, akalisogeza kwenye kifyatuo sikio lake bovu la kulia, akavuta polepole.

"KUNA KITU NDANI. NIMEKISIKIA."

"Umekisikia? Wewe?"

"KUNA MKWARUZO."

"Mkwaruzo." Jicho alivua kofia. "Kwa hiyo tatizo liko kwenye chuma."

"KWENYE CHUMA."

"Si kwenye…"

"KWENYE CHUMA, SHEMEJI. TANGI LA SHULE PIA NI HUO MKWARUZO. IACHE HAPA NIISHUGHULIKIE."

Jicho alitazama mikono yake juu ya meza kwa muda, kama mtu anayeangalia wageni ambao hawajaaga. Kisha akaiweka mapajani, akasema usiharakishe, kazi nzuri haitaki haraka. Akatoka bila bunduki, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo. Bega lake moja lilikuwa chini kuliko lingine.

Ikawa kila wiki anapita. Anakaa kwenye kreti, anauliza mkwaruzo unaendeleaje. Mnong'ono anaishusha bunduki kabatini, anaipangusa mafuta, anavuta, anatikisa kichwa. Bado. Jicho naye anatikisa kichwa, kama aliyeambiwa homa ya mtoto haijashuka, kisha wanazungumza habari nyingine. Dada mtu akaanza kuleta chakula karakanani siku hizo, hasemi kitu, anamtilia mdogo wake kingi.

Watu wa mashamba walipomfuata Jicho kumwambia kwamba nguruwe wamerudi, niliwasikia nikiwa kibandani. Aliwajibu pale pale mlangoni kwa Mnong'ono, kwa sauti ya kutosha hata kwa fundi mwenyewe.

"Ningekuja leo leo," alisema. "Bunduki iko kwa fundi, tangu mwezi gani sijui. Nifanyeje? Si mnawajua mafundi wa siku hizi."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwenye kreti wakatazamana. Mnong'ono aliinamisha kichwa, akaendelea kusugua.